Wiki tisa na hospisi: waulizeni kwanza kuhusu usiku

Simu iliita mara kumi na moja. Nilihesabu, maana sikuwa na kingine cha kufanya. Ilikuwa saa nane na dakika kumi usiku, Baba ameshika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, amejiuma mdomo ili asituamshe, na karatasi tuliyobandika kwenye friji inasema kwa herufi kubwa: TUPIGIE SAA YOYOTE. Nikapiga tena. Ya tatu ikapokewa na mlinzi. Mlinzi wa geti! Akaniambia nesi wa zamu hayupo karibu, nijaribu asubuhi.

Naanza na usiku huo kwa sababu kila sifa niliyoisikia kuhusu hospisi hii, yaani huduma ya kuwatunza wagonjwa wanaoelekea mwisho, kabla hatujaichukua ilikuwa sifa ya mchana. Wapole, wasafi, wanamheshimu mgonjwa, wana bustani. Yote kweli. Bustani yenyewe nimekaa, nzuri. Lakini saratani iliyoingia kwenye mifupa haifuati saa za ofisi. Tulikuwa nao wiki tisa, saba nyumbani kwetu na mbili za mwisho kwenye wodi yao. Mtu akiniuliza leo kama awachukue nitamwambia awachukue, ila kuna mambo ya kuwabana kabla hajaweka sahihi.

Baba alikuwa na saratani ya tezi dume, na iligunduliwa ikiwa imeshatembea: nyonga, mbavu, uti wa mgongo. Siku daktari wa hospitali alipotamka "tiba shufaa", yaani tiba ya kupunguza maumivu na mateso ya ugonjwa badala ya kuuponya, kaka yangu alitoka nje ya chumba. Aliisikia kama wengi wetu tunavyoisikia, kwamba ni lugha ya adabu ya kusema mpelekeni akafe. Siku tatu hakutaka mjadala. Nikamtafutia utafiti mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 2010, wa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa: walioanzishiwa tiba shufaa mapema, sambamba na matibabu yao ya kawaida, waliishi kwa hesabu ya kati miezi 11.6, na wenzao waliobaki na matibabu ya kawaida pekee 8.9. Kaka akanijibu kwamba hiyo ni saratani nyingine na sisi tumeshachelewa. Hakukosea. Ila alirudi chumbani, na kwangu hilo lilitosha.

Fomu zao ni nyingi, sitazieleza.

Nesi aliyekuja mara ya kwanza hakufungua mkoba. Alivuta kiti akakaa usawa wa macho ya Baba, wakazungumza habari za kawaida kidogo, halafu akamuuliza, "Mzee, ukiamka asubuhi, kitu gani kinakutia hofu kuliko vyote?" Hospitali walikuwa wakimuuliza maumivu ni mangapi kati ya moja na kumi, basi. Baba alikaa kimya mpaka nikafikiri hajasikia. Kisha akasema, bila kunitazama, kwamba anaogopa siku itakayofika nitalazimika kumwosha mimi binti yake.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na taulo mkononi. Sikuwahi hata kuliwaza. Nesi aliandika kitu kwenye faili lake, na kesho kutwa yake akaja mhudumu wa kiume, kijana mtulivu sana, akawa anakuja kila asubuhi kumwogesha. Wanafunga mlango, nawasikia wanabishana mpira.

Baadaye nikajua kwamba swali lile lina ukoo. Cicely Saunders, aliyeanza kama nesi, akawa mfanyakazi wa ustawi wa jamii hospitalini, mwisho akasomea udaktari, alifungua St Christopher's Hospice jijini London mwaka 1967. Yeye alifundisha kwamba maumivu ya mtu anayeelekea mwisho si ya mwili peke yake. Kuna ya moyo, ya nyumba yake, ya imani yake, na yote humshika kwa pamoja. Mtindo huo wote wa hospisi za sasa umetoka kwake. Kwa hiyo mkija kutembelewa mara ya kwanza na mtu anayepima presha, anajaza fomu na kuondoka, jueni mmepata nesi. Hospisi bado.

Sasa mofini, ile dawa kali ya maumivu. Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo palipotuinua na ndipo palipotuangusha.

Kabla yao Baba alikuwa anameza dawa akizidiwa. Nesi akatugeuza kabisa: dawa inafuata saa, haisubiri maumivu. Mofini ya maji hufanya kazi takriban saa nne, basi kila saa nne anapewa hata kama anacheka, kwa sababu maumivu yakishapanda kuyashusha ni kazi kubwa kuliko kuyazuia. Alisema ni mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1986: kwa mdomo pale inapowezekana, kwa saa, na kwa kupanda ngazi, kuanzia dawa nyepesi mpaka nzito. Usiku, kwa maelekezo ya daktari wao, alipewa dozi kubwa kidogo ya kulalia ili tusimwamshe katikati. Akatupa bomba la kupimia lisilo na sindano, akachora mstari mwekundu kwa kalamu pale dawa inapoishia, na daftari la kuandika saa, kiasi na hali yake.

Kaka akauliza tulilokuwa tunalificha wote: "Hatazoea? Si ndiyo madawa ya kulevya haya?" Nesi hakumcheka. Akamwambia mwili utaizoea, ndiyo, na siku wakitaka kuiacha wataipunguza polepole; lakini mtu anayemeza dawa ili aweze kukaa na watoto wake hafanani na anayeitafuta dawa akawakimbia watoto wake. Kisha akatoa dawa ya kulainisha choo, ianze siku hiyo hiyo. Maneno yake: "Nikikuachieni mofini bila hii nitakuwa nimemwondolea mzee maumivu ya juu nikamletea ya chini." Baba alicheka. Alikuwa hajacheka mwezi mzima.

Siku tatu za mwanzo alilala tu, tukaogopa. Walishatuonya kwamba usingizi na kichefuchefu huja mwanzoni na kwa wengi hupungua, ila kukosa choo hakuondoki kwenyewe. Siku ya tano aliamka, akaomba redio, akaanza kugombana na msoma habari. Ningeandika tathmini siku hiyo ningewapa nyota zote mbinguni.

Halafu ukaja ule usiku. Jumamosi. Nesi wetu wa kawaida alikuwa mapumziko, mwenzake aliyekuja mchana akaongeza dozi na akaandika kwenye faili la ofisini kwamba maumivu yakichomoza kati ya dozi na dozi familia impe ya dharura. Kwenye faili la ofisini. Daftari letu hakuligusa. Kwa hiyo saa nane usiku chupa ilikuwa pale mezani, hatua mbili kutoka nilipokaa na simu, na mimi sithubutu kuishika kwa kuogopa nitamuua baba yangu kwa mkono wangu. Tulingoja dozi ya saa kumi, haikumtosha, tukangoja tena. Asubuhi saa mbili nesi akafika, akapekua daftari, akanyamaza, akanitazama. "Ulikuwa unaruhusiwa kumpa, dada yangu."

Saa sita. Sijawasamehe hizo saa sita, na wao wanajua.

Niliandika malalamiko, ukurasa mmoja, bila matusi, ingawa rasimu ya kwanza ilikuwa nayo. Hapa ndipo inabidi niwatendee haki. Muuguzi mkuu alikuja nyumbani mwenyewe siku ya pili. Hakusema "tunasikitika kama ulijisikia vibaya". Alisema tulikosea mahali pawili, simu na daftari, na akaanza kurekebisha palepale: namba ya usiku ikahamishiwa kwenye simu ya mkononi ya nesi wa zamu, na karatasi nyekundu ikabandikwa ndani ya jalada la daftari letu ikionyesha kiasi cha dozi ya dharura na muda wa kungoja kabla ya kurudia. Akanisimamia nipime mbele yake mara tatu kwa maji. Wiki iliyofuata niliwapiga saa tisa usiku kwa makusudi, Baba amelala fofofo. Mlio wa pili, nesi huyu hapa. Nikaona haya, nikazua swali la choo.

Siku ya miguu ndiyo waliyonirudishia imani. Wiki ya tano Baba aliamka akasema miguu imejaa mchanga. Tangu siku ya kwanza walitukaririsha: kwa mgonjwa mwenye saratani kwenye uti wa mgongo, miguu ikilegea ghafla au mkojo ukigoma, msingoje kupambazuke, huenda uvimbe unakandamiza neva na kila saa ina maana. Nilipiga. Ndani ya saa moja walikuwa mlangoni, wameshaongea na hospitali. Akaanzishiwa dawa ya kupunguza uvimbe siku ileile, kisha mionzi. Alisimama kwa kushikwa mpaka karibu na mwisho. Nina jirani ambaye mama yake miguu iligoma hivyo hivyo, wakafikiri ni uchovu, hakusimama tena. Hawakuwa na mtu wa kuwakaririsha.

Mengine madogo. Godoro la hewa lilichelewa siku tisa na ngozi ya mkiani ilikuwa imeshaanza kuwa nyekundu. Tulimgeuza wenyewe kila saa mbili mpaka likafika. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuja mara moja, hakuonekana tena. Mshauri wa kiroho alikuja bila kuitwa, akaambiwa na Baba kwamba leo hapana, akaenda zake kwa adabu na hakulazimisha. Na ile ahadi ya kuwafuatilia wafiwa, nitaisema hapa nisije nikairudia: walipiga simu mara moja, wiki ya pili baada ya msiba, basi. Kaka alihitaji zaidi ya hapo.

Kwa anayetafuta: usiulize kama wanatoa huduma saa ishirini na nne, wote watasema ndiyo. Uliza nani hasa anapokea simu saa nane usiku, ni nesi au ni mlinzi, na anaweza kufika au anaongea tu. Uliza Jumapili. Uliza dozi ya dharura itaandikwa wapi, na nani atakufundisha kuipima. Uliza mofini ikiisha sikukuu inapatikana vipi. Kisha, ukiweza, kabla hujaweka sahihi, wapigie usiku mmoja uone.

Wiki ya nane Baba alishindwa kumeza, tukahamia wodini kwao. Dawa ikawa inaingia chini ya ngozi kwa pampu ndogo inayosukuma polepole mchana na usiku. Kaka alitaka awekewe dripu, alishwe kwa mpira. Hakuwa tayari kumwona anakufa njaa. Daktari alikaa naye karibu saa nzima. Alimweleza kwamba mwili unaofunga kazi hauombi tena chakula, na maji ya kulazimisha huenda yakaishia kifuani na miguuni. Badala yake nesi akatupa kazi: sponji laini, maji kidogo, kulowesha midomo na ulimi kila baada ya muda, mafuta kwenye midomo. Kaka, ambaye sijawahi kumwona akishika hata ufagio, alifanya kazi ile siku nane kwa mikono yake.

Usiku wa mwisho ilianza ile sauti ya kukoroma kooni. Nesi wa zamu alimgeuza ubavu, akampa sindano ya kukausha mate, akatuambia sauti ile inatuumiza sisi zaidi kuliko inavyomuumiza yeye. Akapunguza taa. "Ongeeni naye, huenda anasikia." Kaka akamsomea matokeo ya mpira.

Baba alitutoka saa kumi na robo, bado giza. Hakuna aliyetuharakisha. Tulikaa mpaka tukaona tumekaa vya kutosha, ndipo nesi akaja kuuliza taratibu akitaka kujua tungependa aoshwe vipi. Nikakumbuka lile neno la siku ya kwanza, nikaanza kumweleza, nikashindwa kulimaliza. Akaniwekea mkono begani, akafungua faili. Lilikuwa ukurasa wa kwanza, juu kabisa, limepigiwa mstari, kwa mwandiko wa nesi wetu wa nyumbani: *Hataki kuoshwa na binti yake.*

Yule kijana alikuwa ameshapigiwa simu. Alifika kabla ya saa kumi na moja, akafunga mlango.