Kliniki ya mkono Upper Hill: nyota nne, ya tano nimeinyima

Mi ni msusi, Kenyatta Market hapa Nairobi, kwa hivyo kidole changu cha shahada ndo rent yangu. Mwaka jana nikiosha glasi ikanipasukia mkononi ikakata kano, ile kamba nyeupe inayokunja kidole. Nilishonwa poa tu, lakini huko hospitali walinipea dawa na tarehe ya kutoa nyuzi basi, mambo ya therapi hakuna aliyetaja. Ni mteja wangu, nesi, aliniuliza "na mazoezi unafanyia wapi?" nikabaki kumwangalia. Ndo akanielekeza hapa, siku ya tano baada ya kushonwa.

Nilidhani OT (occupational therapy, tiba ya kukurudisha kwa kazi na shughuli zako za kila siku) na fizio ni kitu kimoja. Yule dada wa OT kabla hata aguse bandeji alitaka kujua nasuka aje, kidole kipi kinashika na kipi kinavuta. Halafu akachovya plastiki kwa maji moto ikalegea kama chapati mbichi, akailaza juu ya mkono wangu akaifinyanga, ikapoa ikawa ngumu, splinti yangu hiyo. Wiki sita, usiku na mchana. Na mazoezi yalianza siku hiyo hiyo, humo humo ndani ya splinti, ule mkono mwingine usioumia ukikunja kidole kibovu pole pole, sababu kano ikikaa tu inanata kwa kovu na kidole kinakuwa mti, na ukiivuta mapema kwa nguvu inakatika pale iliposhonwa. Hapo katikati ni padogo sana wacha nikwambie, mi peke yangu ningeharibu.

Splinti ilipotoka ikawa kukanda kovu na mafuta, kufinya ule udongo wao wa mazoezi, kufunga vifungo vya shati (nililia na kifungo kimoja dakika kumi, msicheke). Kisha siku moja nakuta amenifungia uzi wa sweta kwa kiti, ati nisuke! Uzi mnene kwanza, baadaye mwembamba, baadaye braids zenyewe kwa kichwa cha dami. Kukaza alinikataza hadi wiki ya kumi na mbili. Huyo mtu alinipigia hesabu ya kazi yangu kuliko mimi mwenyewe.

Sasa nyota niliyonyima. Appointment ya saa tatu unaingia saa tano, na splinti inalipiwa kando na hawasemi mapema, nilishtukia kwa kaunta nikiwa na nauli tu. Lifti nayo, sijui, labda ni mapambo.

Mwanzoni nikikunja kidole, ncha yake ilibaki sentimita tano kutoka kiganjani, wanapima na rula kila ukienda. Jumanne imesoma moja. Wateja wangu wa knotless (braids zisizoanza na fundo) mnaweza kuanza kubuku, za kukaza kabisa ngojeni kidogo.