Uzoefu wangu: seti mbili za chai za zamani, moja ya mtandaoni na moja ya Mlango Mmoja

Mwaka jana, ndani ya mwezi mmoja, nilinunua seti mbili za chai. Ya kwanza nilitumiwa kwa basi kutoka Dar es Salaam na muuzaji wa mtandaoni, shilingi 240,000 ukiacha nauli ya mzigo. Ya pili niliipata hapahapa Mwanza, soko la Mlango Mmoja, kwenye banda la vyombo vya mtumba, shilingi 85,000. Zote nimezinywea mwaka mzima, kwa hiyo siandiki kwa furaha ya siku ya kufungua boksi.

Nyumbani kwa mama, Kirumba, kulikuwa na kabati la vioo. Vikombe vyake vilishushwa Krismasi, na siku padri akija. Leo vimebaki viwili na bakuli la sukari. Nilitaka vyombo vya aina ile, ila vya kunywea.

Tangazo la mtandaoni lilisema: seti ya kale ya mwaka 1850, kauri halisi ya Uingereza. Picha zilivutia, maua ya waridi na ukingo wa dhahabu. Mzigo nilipoupokea stendi ya Nyegezi nikakuta kila kikombe kimeviringishwa ukurasa mmoja wa gazeti, na buli limewekwa juu yake. Kikombe kimoja kimekatika mkono, kisahani kimoja kimemeguka. Nikageuza buli kuangalia kitako. Pameandikwa "Made in England", na chini yake maelezo kwamba chombo kinafaa kuoshwa kwa mashine.

Hapo hadithi ya 1850 ikaisha. Marekani ilipitisha sheria ya forodha mwaka 1890, ikaanza kazi mwaka uliofuata, kwamba bidhaa za kigeni zinazoingia kwake ziandikwe nchi zilikotoka. Ndiyo maana chombo chenye neno "England" kwa kawaida ni cha kuanzia 1891, na "Made in England" ni alama ya karne ya 20. Maelezo ya mashine ya kuoshea yanakisogeza karibu zaidi na sisi. Kuna alama nyingine inayosaidia, "Rd No" na tarakimu zake: hizo ni namba za usajili wa michoro Uingereza, zilizoanza kuhesabiwa mwaka 1884. Kabla ya kutuma pesa mwombe muuzaji picha ya kitako. Mimi sikuomba. Nilipomwandikia alijibu mara moja tu, kisha kimya, na pesa sikurudishiwa.

Seti yenyewe ni nzuri, lazima niseme. Ni kauri ya mifupa, ile ambayo karibu nusu ya udongo wake ni majivu ya mifupa ya ng'ombe, ndiyo inayoipa weupe wa maziwa na wepesi ule mkononi. Ukiweka vidole nyuma ya kikombe mbele ya taa, unaona vivuli vyake. Ingetangazwa kwa umri wake wa kweli ningeinunua kwa furaha, kwa nusu ya bei.

Sasa Mlango Mmoja. Mzee wa pale habandiki bei. Nilipomwamkia aliitikia, "Marahaba mayu, angalia taratibu, vikombe havikimbii." (Mayu ni mama, kwa Kisukuma.) Seti ilikuwa ndani ya beseni la plastiki chini ya sahani za bati: buli, kijagi cha maziwa, bakuli la sukari lisilo na kifuniko, vikombe sita, visahani vitano. Rangi yake kijivu inayoelekea weusi, na joka limezunguka kila chombo. Ukilipapasa unahisi magamba yake kwa kidole, maana halikupakwa rangi tu, limetandazwa kwa uji mzito wa udongo ukakauka ukiwa umeinuka. Kitakoni, kwa wino mwekundu, "Made in Japan". Vyombo vya Japani vya kabla ya 1921 mara nyingi viliandikwa "Nippon", kwa hiyo nikajua hii ni ya baada ya hapo, na mzee hakudai zaidi. Alisema tu, "Ni ya zamani, imetoka kwa Wahindi waliohama."

Nikaanza kugonga kikombe kimojakimoja kwa ukucha. Vitano vililia kama kengele ndogo. Cha sita kikatoa sauti butu, na kweli, chini ya mkono wake palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Nikapitisha ncha ya kidole kwenye kila ukingo, kwa sababu kidole hugundua pengo dogo ambalo jicho limelipita. Mzee alianzia 120,000. Kwa ufa huo, kifuniko na kisahani vinavyokosekana, tukakubaliana 85,000.

Nilikuwa bado sijatoa pesa nilipoinua kikombe kimoja kuelekea jua, kukagua mara ya mwisho. Kitakoni ikatokea sura ya mwanamke: nywele zimefungwa juu, shingo ndefu, macho yameinama. Nikakishusha, akapotea. Nikakiinua, akarudi. Hakuna rangi pale. Kauri imefinyangwa kwa unene tofauti: palipo pembamba mwanga unapita, palipo panene panabaki kivuli. Wanaokusanya vyombo hivi huita litofani. Nilimwonyesha mzee, naye hakuwa amewahi kumwona. Akamwita jirani yake wa viatu, wakainua vyote sita kimoja baada ya kingine, na katika kila kimoja alikuwemo. Nikamwambia wazi kwamba vikombe vya namna hii hutafutwa na watu. Akafikiri kidogo, akasema, "Tulishakubaliana, mayu."

Kitu cha mwisho nilichofanya nawashauri wote mkifanye. Niliomba maji ya moto kwa mama lishe wa karibu, nikayatia kwenye buli polepole, nikamimina. Buli linaweza kuwa zuri kabatini na bure mezani: mdomo ukiwa umewekwa chini ya usawa wa ukingo, chai inamwagika kabla halijajaa, na ukiwa umekatwa vibaya, tone linateleza hadi kwenye kitambaa. Hili linamimina mstari mmoja na kukata papo hapo.

Katika kutumia nimejifunza kwamba seti hizi zilitengenezewa watu wanaoweka maziwa pembeni. Chai yetu ya maziwa inayochemshwa sufuriani na tangawizi lazima ichujwe kabla, la sivyo vitundu vya ndani ya buli vinaziba kwa utando. Kijagi mimi nimekifanya cha asali. Pasha kikombe kwa maji ya uvuguvugu kwanza, kauri nyembamba haipendi kushtuliwa. Dhahabu ya ukingo hutoka ukisugua kwa stilwaya au majivu, na haiingii kwenye maikrowevu. Madoa ya chai yanaondoka kwa baking soda na kitambaa laini.

Na kuna suala la madini ya risasi, ambalo wauzaji hawalitaji. Glezi, yaani ule utando wa kung'aa juu ya kauri, na rangi nyingi za zamani zilitiwa madini hayo, na kitu kichachu huyatoa. Kwa hiyo kwenye vikombe vya joka sikamulii ndimu, silazi chai ndani ya buli, na watoto wana vikombe vyao. Chombo ambacho glezi yake imejaa vijiufa kama utando wa buibui kinakaa kabatini tu.

Jumapili jioni naviweka kibarazani na sahani ya matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, na karanga. Mama kila akija humaliza chai yake haraka, kisha anageuza kikombe kuelekea ziwani, jua linapoteremka, amwangalie yule mwanamke.

Muuzaji wa mtandaoni simpendekezi kwa yeyote. Kwa mzee wa Mlango Mmoja nimerudi mara tatu. Kisahani cha sita bado nakitafuta: kitako cha kikombe nimekipima, sentimita nne na nusu, na kipimo hicho mzee amekiandika kwa chaki kwenye mlango wa banda lake.