Snodropu za kukusanya: uanze na ipi, ipi iache isubiri

Februari ndo hii, baridi inaelekea ukingoni, na kwa wapenda snodropu, yale maua madogo meupe yanayoota kutoka kwenye tunguu la chini ya udongo mfano wa kitunguu, huu ndo mwezi wa mifuko kutoboka maana maua yako wazi na wauzaji wote wametoa mali mezani. Spishi zenyewe hazizidi kama ishirini na kitu, kuanzia Ulaya mpaka Uturuki na Kaukazi, ila aina zilizopewa majina ni mamia kwa mamia, nyingi zimetokea kwenye bustani za Uingereza, na ukizitazama kwa mbali zote ni nyeupe zenye kijani kidogo. Mgeni anachanganyikiwa hapo hapo, anaishia kununua kwa bei, anadhani ya ghali ndo bora.

Bei ya snodropu inakwambia kitu kimoja tu, kwamba matunguu ya aina hiyo bado ni machache, basi. Haikwambii kama ua ni zuri wala kama mmea una nguvu. Mwaka 2012 tunguu moja la 'Elizabeth Harrison' lilienda kwa pauni 725 kwenye mnada wa eBay, 2015 'Golden Fleece' ikafika pauni 1,390, na 2022 'Golden Tears' ikapanda mpaka pauni 1,850, zote tatu ni za njano. Sasa wataalamu wanachofanya ni kulikata tunguu vipande vyembamba, kila kipande kibaki na kitako kidogo, kinatunzwa mpaka kitoe vijitunguu vipya, kwa hiyo aina ikiwa na nguvu inaongezeka haraka na bei inashuka yenyewe. Kama una subira muda unafanya kazi kwa niaba yako.

Haya, mpangilio wangu, na nimepima vitu vitatu: tofauti uione ukiwa umesimama wima, mmea uzaliane wenyewe, na usikufe ukikosea kidogo.

Ya kwanza ni 'S. Arnott', na hapa sibishani na mtu. Wengine watasema ni ya kawaida mno kwa mkusanyaji, mimi naona bila hii mkusanyiko haujaanza. Jina ni la Samuel Arnott wa Uskoti. Ua ni kubwa, la duara, petali za ndani zina alama ndogo ya kijani kama V iliyopinduliwa, shina halilegei, na jua likitoka joto likasogea kama nyuzi 10 petali za nje zinafunguka na harufu ya asali inatoka, ukiwa na kundi kubwa unaisikia kabla hujainama. Inazaliana vizuri sana, ukipanda matunguu matatu leo baada ya miaka michache una ya kugawa na ya kubadilishana, na kubadilishana ndo njia ya kweli ya kupata aina adimu.

Ya pili 'Magnet'. Kikonyo chake ni kirefu na chembamba kuliko kawaida, basi kaupepo kadogo tu maua yote yanacheza. Tofauti yake hata mtoto anaiona, bei ni ndogo, haisumbui.

Ya tatu ni 'Viridapice', ambayo petali za nje zina madoa ya kijani nchani, ni mlango mzuri wa kuingilia kwenye zile za kijani kabla hujatoa hela nyingi kwa 'Trumps', ambayo nayo nitaiweka ya nne kwa furaha kabisa maana ni toto la ukoo wa 'Trym', aina yenye jina kubwa, ina alama nzito za kijani kwenye petali za nje na inakua kwa nguvu. Wengi wanakimbilia 'Trym' yenyewe kwa sababu ya jina. Ni nzuri, sikatai, lakini kama hela ni ya moja chukua 'Trumps'.

Ya tano, kwa wanaotaka njano, ni 'Wendy's Gold'. Hii ni ya spishi plicatus, ovari (kile kifuko kidogo ua linapoungana na kikonyo) ya njano na alama ya ndani ya njano, na majani yake ukiyashika utaona kingo zimekunjwa kwa nyuma, ndo dalili ya plicatus hiyo. Njano inataka mwanga, ukiipanda kivulini rangi inafifia inakuwa kama kijani kilichochoka halafu utamlaumu muuzaji bure. Usianze na za njano za kundi la 'Sandersii', zinavutia mno lakini zina deko, na 'Lady Elphinstone' yenye petali nyingi za njano ukiihamisha inaweza kutoa kijani msimu mzima au zaidi mpaka itulie, kwa hiyo ukiipata usiitupe, ivumilie.

'Augustus' na 'Diggory' ni za pale macho yakishazoea, petali zake zina mikunjo midogo kama kitambaa kilichofinywa na ua limevimba. Ni za kusogelea karibu, uinue ua kwa kidole ulitazame.

Za pauni elfu moja na kitu je? Subiri. Hiyo 'Golden Fleece' ni ua zuri kweli, ila hela ile ile inakujazia kitanda kizima cha aina bora, na aina mpya haijapimwa kwenye udongo wa watu wengi, hujui itavumilia nini.

Sasa jinsi ya kununua, na hapa ndo watu wanapoumia zaidi kuliko kwenye kuchagua jina. Bora kabisa ni iliyo kwenye kopo, ina ua, unaiona kwa macho. Angalia alama ya ndani ifanane na jina lililoandikwa, angalia majani yasiwe na mistari ya njano njano iliyochirizika, hiyo mara nyingi ni virusi na haina dawa, wala ncha zisiwe na vidonda vya kahawia au ukungu wa kijivu. Bonyeza udongo taratibu pembeni ya shina, kama muuzaji anaruhusu shika tunguu lenyewe, likiwa laini kama limeoza kwa ndani rudisha, huenda buu wa inzi wa narsisi, inzi anayeshambulia maua ya matunguu, keshakula.

Inayofuata ni ile inayouzwa na majani yake mabichi baada ya maua kuisha, imefungwa kwenye karatasi yenye unyevu. Ni sawa, mradi ifike haraka na uipande siku hiyo hiyo. Ya mwisho ni tunguu kavu la dukani kwenye mfuko wa wavu, snodropu haipendi kukaukiwa hivyo na mengi hayaoti kabisa, japo tunguu lililolala likitoka kwa mkulima makini, limechimbuliwa karibuni na halijasinyaa, hilo ni jambo jingine na mimi nalinunua bila wasiwasi.

Snodropu zote zimo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama wa porini, kiambatisho cha pili, sababu matunguu yalikuwa yanachimbwa porini kwa wingi, hasa spishi ya elwesii kutoka Uturuki na ya woronowii kutoka Georgia. Muulize muuzaji mali imekuzwa wapi. Na ukiagiza kutoka Uingereza kwenda nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Uingereza itoke kwenye umoja huo kuna vibali vya CITES pamoja na cheti cha afya ya mimea, gharama zake zinaweza kupita bei ya tunguu lenyewe, jua hilo kabla hujalipa.

Ukifika nayo nyumbani panda chini ya mti unaopukutisha majani, udongo uwe na mboji ya majani na usituamishe maji, usiyakate majani mpaka yanyauke yenyewe maana ndo yanalisha tunguu la mwakani. Matunguu yana sumu, yaweke mbali na watoto. Kibandiko cha jina kichimbie ardhini pamoja na tunguu na kingine kiache juu, ndege wanaving'oa vya juu, na aina isiyo na jina la uhakika hakuna mkusanyaji atakayekubali kubadilishana nayo.