Onyesho la Lubaina Himid pale Tate Modern: uzoefu wangu

Kwa wale wanaotaka alama kwanza: nyota nne kati ya tano. Nililiona onyesho hili kwenye jumba hilo la sanaa la London, kiangazi cha 2022, nikiwa na shangazi yangu aliyekuja kututembelea kutoka Zanzibar. Bila yeye nadhani ningeona nusu tu.

Kwa asiyemjua, Lubaina Himid kazaliwa Zanzibar mwaka 1954. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mchanga, na mama yake, mbunifu wa vitambaa, akaondoka naye kwenda Uingereza. Huko ndiko alikokulia na ndiko anakochorea. Mwaka 2017 alishinda Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, akiwa na miaka 63, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Mwaka huohuo ndipo lilipoondolewa sharti la kutozidi umri wa miaka 50, vinginevyo asingeshindanishwa kabisa. Zamani, miaka ya 80, nyumba za sanaa za London zilipokuwa hazina habari na wachoraji wanawake weusi, yeye aliwakusanya wenzake akawaandalia maonyesho. Moja wapo, la mwaka 1985 kwenye ICA, jumba la sanaa la London, lilitundikwa kwenye ujia wanamopita watu. Hawakupewa chumba.

Mlangoni tulipokewa na vitambaa vilivyoning'inizwa juu kama bendera, vimechorwa kwa mtindo wa kanga. Mimi ningepita tu. Shangazi akasimama, akashika kiuno.

"Pindo lipo, mji upo, jina lipo," akasema. "Lakini jina lenyewe la Kizungu. Sasa hapo utamfumba nani, mwanangu?"

Nilicheka, lakini swali lake likanifuata vyumba vyote. Kwetu mwanamke huvaa jina la kanga ili aseme asichoweza kukitamka mbele ya mke mwenza au mawifi. Himid naye anasema kwa kupitia nguo, meza, mbao, hata droo. Picha zake zina mafumbo, na anayefumbwa mara nyingi ni yule anayedhani sanaa ni mali yake.

Chukua kazi yake ya 1986, A Fashionable Marriage. Si picha ya ukutani. Ni watu wa mbao waliokatwa kwa umbo na kusimamishwa sakafuni kama wachezaji wa tamthilia, na si ajabu, maana alisomea ubunifu wa jukwaa. Ameichukua picha ya mchoraji Mwingereza William Hogarth ya karne ya 18, iliyoko jumba la National Gallery, London, ambamo bibi mkubwa anachombezwa na mwanasheria wake huku wageni wakiburudika na mtumishi mweusi akiwapitishia vinywaji. Himid kamweka Margaret Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza wa wakati huo, mahali pa bibi na Ronald Reagan, rais wa Marekani, mahali pa mchombezaji. Upande wa pili kapanga watu wa ulimwengu wa sanaa: mhakiki, mfanyabiashara wa picha, msanii mzungu mtetezi wa wanawake. Na pale alipokuwa mtumishi, sasa kuna msanii mwanamke mweusi. Hapo ndipo ufeministi wake unapouma: hawachomi wanaume peke yao, anawachoma hata dada zake wa harakati waliokuwa wakisema "sisi wanawake" huku kuna wanawake wasiowahesabu.

Picha za miaka ya karibuni zimetulia zaidi, na hizo ndizo nilizozipenda. Three Architects, ya 2019, ina wanawake watatu chumbani pamoja na vielelezo vya majengo, na bahari iko dirishani. Hakuna anayekutazama wala anayejipamba akungoje. Wako kazini, wana jambo wanalijadili, na wewe mtazamaji ndiye uliyeingia bila hodi. Kwenye picha ya mafundi cherehani sita, wote wanaume, shangazi alitoa hukumu kwamba "hawa wanasengenya, mmoja tu ndiye anashona." Nilihesabu tena. Sina uhakika kama alikosea.

Kuna picha nyingine nawaomba muitafute wenyewe kwenye tovuti ya Tate, bure kabisa. Inaitwa Between the Two My Heart is Balanced, ya 1991. Kwanza tazama ya mchoraji Mfaransa James Tissot, Portsmouth Dockyard, ya miaka ya 1870: askari wa Kiskoti kakaa mashuani katikati ya wanawake wawili, hajui amchague yupi. Kisha rudi kwa Himid. Mashua ipo, wanawake wawili weusi wapo, askari hayupo. Katikati yao kuna rundo la ramani za baharini, nao wanazichana na kuzitupa majini. Mimi niliyezoea kuona wanawake wakichorwa kama pambo la safari ya mtu mwingine, niliiangalia jioni nzima kwenye simu.

Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu moja. Ukienda ukitafuta sura za watu unaoweza kuwatambua, utatoka mikono mitupu. Watu wake wengi ni wa kubuni, na nyuso zao zinaelekea kufanana. Rangi na mishono ya nguo anaihangaikia kuliko pua na macho. Nilitamani walau uso mmoja ambao ningeukumbuka nikiwa kwenye treni.

Onyesho lenyewe lilishafungwa, lakini Himid amechaguliwa kuiwakilisha Uingereza kwenye Biennale ya Venice ya 2026, maonyesho makubwa ya sanaa ya kimataifa huko Italia, na kazi yake kubwa ya 2004, Naming the Money, yenye watu wa mbao 100 wa kimo cha mtu, iko mikononi mwa makumbusho ya taifa ya Liverpool. Kila mmoja anasimama kwa mtumwa Mwafrika, na ana maneno mgongoni: jina lake la kwao, jina alilopachikwa na mabwana, kazi aliyokuwa akifanya na anayofanyishwa sasa. Pita nyuma yao usome.

Na tahadhari ya mwisho: msiagize nakala za picha zake kwa wauzaji wa mtandaoni msiowajua. Yangu ilikuja rangi ya waridi imekuwa ya tofali, na muuzaji hajajibu ujumbe mpaka leo.