Kisima cha mita 84 Kongwa: tathmini yangu ya wachimbaji, tangu kupima maji mpaka pampu ya sola

Shimo la kwanza tulilichimba mwaka 2022, mwaka mmoja kabla sijastaafu, na halikutoa hata tone. Mita 70 za vumbi, kwa shilingi 70,000 kila mita. Aliyetuonyesha mahali pa kuchimba alikuja na kijiti cha panda, akazunguka nacho shambani mpaka kikainama. Mimi ni nesi wa miaka 34 kazini, mume wangu alikuwa mwalimu wa hisabati, na wote wawili tulimwamini kwa sababu jirani alimsifia. Milioni nne na laki tisa zikaingia ardhini kwa siku moja. Nilikaa juu ya ndoo nikilitazama lile shimo mpaka jua likazama. Ndiyo maana wachimbaji wa pili niliwafuata hatua kwa hatua, daftari mkononi, na ndiyo maana maelezo haya ni marefu.

Shamba letu ni ekari 22 wilayani Kongwa, ndani kidogo kutoka barabara kuu ya Dodoma–Morogoro. Mahitaji yetu tunayafuata Kibaigwa. Tulinunua vipande vipande tukiwa bado kazini, kwa nia ya kuzeekea hapa: nyumba ya vyumba vitatu, zizi la ng'ombe 12, mbuzi 45, malisho yaliyokatwa sehemu nne kwa uzio wa minyaa ili sehemu moja ipumzike wakati nyingine inaliwa. Wenzetu wengi wakipokea mkupuo wa kustaafu huanza na nyumba. Wanaezeka, wanapiga rangi, halafu wananunua maji ya boza miaka mitatu. Hela ya mkupuo inaingia mara moja tu, na mimi nilimwambia mzee wangu kwamba hakuna tofali litakalonunuliwa kabla sijaona maji yakitoka kwenye ardhi yetu wenyewe.

Hapa mvua ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, wastani wa milimita 500 au zaidi kidogo, na udongo mwekundu ukikauka unakuwa mgumu kama sakafu. Waingereza walileta mradi wao mkubwa wa karanga hapa Kongwa mwaka 1947, na kufikia 1951 walikuwa wameuacha. Ukame na ugumu wa udongo huu vilikuwa miongoni mwa vilivyowashinda. Ng'ombe ndiyo wanaoiweza nchi hii, na ranchi ya taifa ya Kongwa ipo mpaka leo. Lakini ng'ombe naye anakunywa.

Jina la kampuni siliandiki. Mafundi wa mitambo huhama, leo wako hapa kesho kwingine, kwa hiyo ninachopima ni kazi yenyewe.

Nianze na upimaji, ambao kwangu ndio ulistahili hela kuliko kitu kingine chochote. Agosti 2024 alikuja mpimaji, kijana mmoja mtulivu na wasaidizi wawili. Alisalimia "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, kwa wazee waliokuwa wamekaa chini ya mti, akaomba kuonyeshwa lile shimo la zamani kabla hajatoa kifaa chake. Hilo peke yake lilinipa moyo. Kisha akapigilia pegi nne za chuma kwenye mstari mmoja, akapitisha umeme kwenye pegi mbili za nje na kusoma kwenye mbili za ndani. Kila baada ya kusoma, zile za nje zilisogezwa mbali zaidi. Alinieleza vizuri: kadiri pegi zinavyoachana ndivyo umeme unavyozama chini zaidi, na mwamba mzima haupitishi umeme kama mwamba uliopasuka na kushika maji. Kwetu maji hayakai kama ziwa chini ya ardhi, yanakaa kwenye nyufa za mwamba. Ukikosa ufa kwa mita chache, umekosa kabisa. Shimo letu la kwanza lilikuwa kwenye mwamba mzima. Mahali alipopachagua palikuwa hatua 140 tu kutoka pale. Nilizihesabu mwenyewe.

Alipima sehemu tano, akatupa tatu kwa mpangilio wa ubora, na akaandika kwenye ripoti kwamba hakuna upimaji unaotoa uhakika wa asilimia mia. Ripoti hiyo ndiyo iliyoambatanishwa kuomba kibali cha kuchimba kwenye Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Kibali msikiruke. Kisima kikiandikishwa, mwingine akitaka kuchimba karibu na chako kuna kumbukumbu kwamba upo.

Mtambo ulifika Septemba, siku nne baada ya tarehe tuliyokubaliana, bila simu ya kuomba radhi. Hilo nimelihesabu. Lakini walipoanza, walifanya kazi kwa adabu. Kila mita tatu kijana mmoja alikinga vumbi linalotoka shimoni kwa koleo na kulimwaga chini kwenye mstari, kifungu baada ya kifungu, kama akina mama wanavyopanga mafungu ya dagaa sokoni. Nilipita nikiyagusa. La kwanza jekundu, udongo wetu wa juu. Halafu la kahawia lenye chembe laini. Kuanzia mita 20 na kitu mafungu yakawa ya kijivu na waridi, makavu, yenye kung'aa kwenye jua, na moyo wangu ukaanza kwenda mbio kwa sababu ndivyo yalivyokuwa mwaka 2022. Fungu la mita 52 lilikuwa na kutu. Chembe zake zilikuwa na rangi ya hudhurungi kwenye kingo, na nilipolibana mkononi lilishikana. "Mama, huo ni ufa," akaniambia yule kijana. "Maji yameshawahi kupita hapo." Dakika chache baadaye kompresa ikarusha tope, halafu maji. Waligonga tena mita ya 71, wakaenda hadi 84 kisha wakasimamisha.

Waliteremsha bomba za plastiki za inchi tano, zile zenye matundu wakaziweka sawasawa na pale maji yalipogongwa, wakajaza changarawe pembeni. Hapo mzee wangu aliwabana vizuri: aliwahesabisha bomba moja moja kabla hazijaingia, na hesabu ikatimia.

Sasa jambo ambalo wengi wanalikwepa kwa sababu linaongeza gharama: kukipima kisima kwa kukipiga pampu saa 24 mfululizo. Tulilipa 800,000 na singekubali kurudishiwa hela hiyo hata ningebembelezwa. Walitumbukiza utepe wenye kengele ndogo inayolia ukigusa maji, wakaandika kina kila baada ya muda. Usiku nilikaa nao. Zamu ya usiku naijua, na wale vijana walishangaa bibi anawapokezana kusoma utepe saa tisa usiku. Maji yalikuwa yamesimama mita 31. Kwa kuvuta lita 1,800 kwa saa yalishuka mpaka 47 ndani ya saa sita, kisha yakatulia hapo mpaka asubuhi. Pampu ilipozimwa, yalipanda na kurudi karibu pale pale ndani ya saa tatu. Na ilikuwa Septemba, kiangazi kimekolea, ardhi imekauka mpaka imepasuka, kwa hiyo si maji ya mvua ya jana.

Kwa vipimo hivyo mhandisi wao alimkatalia mume wangu pampu kubwa. Mzee alitaka ya lita 3,000 kwa saa, na hela aliishaitoa. Kijana akamwambia, "Mwalimu, kisima chako kinatoa 1,800. Ukikivuta 3,000 maji yatashuka chini ya pampu na itaungua." Akatuuzia ya 1,500, ya bei ndogo. Tukakaa tukapiga hesabu: ng'ombe 12 kwa lita 40, mbuzi 45 kwa lita tano, jumla lita 705 kwa siku. Simtenki la lita 5,000 juu ya mnara linajaa kabla ya adhuhuri. Muuzaji anayekupunguzia mzigo wakati wewe mwenyewe unamlazimisha kuuongeza, huyo mshike.

Kisha maji yakaenda maabara, na hapa ndipo nilipoumia kidogo. Floraidi ilikuwa miligramu 1.1 kwa lita, chini ya kikomo cha 1.5 cha Shirika la Afya Duniani, na mimi niliyeona meno ya watoto yaliyoharibiwa na floraidi nilishukuru Mungu. Lakini chumvi zote kwa jumla zilifika miligramu 1,640. Zikizidi 1,000 hivi, ulimi unaanza kuyakataa. Chai yake ni mbaya, sabuni haitoi povu. Mafundi hawakunificha wala hawakunipoza kwa maneno. Walisema wazi: kwa mifugo ni maji mazuri, ng'ombe anaweza hata zaidi ya hapo, kwa nyumba, kingeni mvua.

Hiyo ilibadilisha nyumba yenyewe, ambayo bado ilikuwa kwenye karatasi. Tuliongeza paa upande wa baraza likafika mita za mraba 110, tukaweka gata pande zote. Kila milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Hata ukitoa kinachomwagika, ni zaidi ya lita 40,000 kwa msimu. Sisi wawili tunatumia lita 40 kwa siku za kunywa na kupikia, kwa hiyo tenki la lita 10,000 linatuvusha Mei hadi Novemba. Tungejenga kwanza, tungejenga paa lisilotosha.

Makosa yao niyaseme. Waliangusha miti miwili ya mkungugu ambayo tungeweza kuinusuru kama wangeuliza njia, na mkungugu ndio kivuli na chakula cha mbuzi wakati wa kiangazi. Tope la kuchimbia waliliachia litiririke kwenye malisho, mpaka leo pana doa jeupe lisiloota nyasi. Usiku wa kwanza waliacha mdomo wa kisima wazi; niliufunika kwa sufuria na jiwe juu. Ripoti ya mwisho ilichukua wiki saba na simu zisizo na idadi.

Kubwa zaidi ni paneli za sola. Walizielekeza kaskazini, sawa kwa sisi tulio kusini ya ikweta, lakini walizisimika magharibi ya mbuyu wetu. Septemba mbuyu hauna jani hata moja, na jua la asubuhi lilipenya matawi bila shida. Desemba ukavaa majani, na kivuli kikalala juu ya paneli mpaka saa nne. Pampu ikawa inaamka saa nne. Walikuja kuzihamisha bila kudai hela, ila tulisubiri wiki tatu, na anayefanya kazi hii Dodoma kila siku alipaswa kuujua mbuyu.

Gharama zetu: upimaji 500,000, uchimbaji mita 84 kwa 110,000, yaani 9,240,000, kupima uwezo wa kisima 800,000, pampu, paneli, kontrola na bomba 5,600,000. Jumla 16,140,000, bila kibali na maabara. Malipo yalikuwa kwa awamu tatu, na ya mwisho tuliishikilia hadi ripoti ikafika mkononi. Kama mnaandikishana mkataba, awamu hiyo isiwe ndogo.

Nawapa nyota nne kati ya tano, na mpimaji wao ningempa tano peke yake. Jirani aliyetuletea mtu wa kijiti amekuja wiki iliyopita kukiona kisima, akainama kwenye birika la ng'ombe, akayaonja kwa kiganja. Tumempa namba ya mpimaji. Pegi zinapigwa kwake Jumamosi, na mimi naenda na daftari langu.