Nimefungua sanduku la nyaraka za wakimbizi Wayahudi: linafaa darasani?

Habari zenu, karibuni tena. Leo mezani hakuna simu wala spika. Kuna sanduku hili la nakala za nyaraka za wakimbizi Wayahudi wa 1938 na 1939, waliokuwa wakiikimbia Ujerumani ya Hitler, limetengenezwa kwa ajili ya walimu wa historia. Limenifikia kona moja imebonyea, muuzaji nimemwandikia mara mbili, kimya. Tuliache hilo.

Tuanze na pasipoti. Ngoja niisogeze kwenye kamera. Mnaiona hiyo J nyekundu, ya Jude, yaani Myahudi kwa Kijerumani? Mhuri huu ulianza kugongwa Oktoba 1938, na si Wajerumani peke yao walioubuni. Ulitokana na mazungumzo yao na Uswisi, iliyotaka walinzi wake wa mpakani wamjue Myahudi kabla hajavuka. Wino umetoka vizuri, hata ukungu wa pembeni mwa mhuri unaonekana. Hapo sina lawama.

Ila karatasi iliyoniweka kitako ni hii, kibali cha kushuka Cuba. Itazameni: jina lipo, saini ipo, mhuri upo. Watu walilipa dola 150 na zaidi, na aliyekuwa akiviuza ni mkuu wa uhamiaji mwenyewe. Tarehe 5 Mei 1939 Rais Federico Laredo Brú akavifuta. Siku nane baadaye meli St. Louis ikang'oa nanga Hamburg na abiria 937, wengi wao wakiwa na kibali kama hiki mfukoni. Walioruhusiwa kushuka Havana ni 28. Meli ikasogea Florida, taa za Miami zikaonekana, Marekani haikufungua. Kanada nayo vilevile. Kapteni Gustav Schröder akazungukazunguka baharini akisubiri jibu, mwisho akageuza. Uingereza, Ufaransa, Ubelgiji na Uholanzi zikagawana abiria, na mwaka uliofuata Wajerumani wakaziingia hizo tatu za bara. Katika waliorudishwa Ulaya, 254 waliangamia.

Sasa kasoro. Mkutano wa Evian, Ufaransa, ule wa kujadili nani awapokee wakimbizi hawa, wameupa kadi moja tu! Jamani, Julai 1938, nchi 32, siku kumi kwenye hoteli ya kifahari kando ya Ziwa Geneva, na mjumbe baada ya mjumbe anasimama kutoa pole, kisha anaeleza kwa nini kwao hakuna nafasi. Yule wa Australia alisema nchi yake haina tatizo la watu wa asili mbalimbali, na haitaki kuliagiza kutoka nje. Jamhuri ya Dominika ndiyo iliyojitokeza na ahadi kubwa, hadi watu 100,000. Waliofika ni mamia. Hata Kenya ilitajwa na mjumbe wa Uingereza kuwa huenda ikapokea familia chache. Kwenye kadi hilo halimo, wakati mwanafunzi wa Nakuru angeanza kuuliza kuhusu hilohilo.

Je, ningelinunua tena? Kwa darasa, ndiyo. Kwa kupamba kabati, hapana. Karatasi ya pasipoti ni nyepesi mno, wanafunzi 40 wakiipokezana itachanika, kwa hiyo ipelekeni kwanza ikavishwe plastiki.

Na walimu wangu, kile kibali cha Cuba msiwaambie mapema kwamba kilifutwa. Wapeni wakishike, wakigeuze huku na huku, halafu waulizeni kama mwenye nacho ataruhusiwa kushuka.