Huduma ya trekta dogo la kuinua matuta, Mwakirunge: inafaa kwa soya?

Kwa wakulima wa Kisauni wanaojiuliza kama walipie trekta dogo liwainulie matuta kabla ya kupanda soya, au waendelee kupanda kwenye tambarare kama tulivyozoea, jibu langu ni kwamba huduma hii ina faida kubwa kwenye udongo wa mfinyanzi, ila kwenye mchanga siipendekezi.

Niliikodi kabla ya mvua za masika kwa ajili ya shamba langu la mfinyanzi, nikaomba kipande kimoja kiachwe tambarare ili nilinganishe. Matuta yalinyooka vizuri, na juu yake mlikuwa na nafasi ya mistari miwili iliyoachana kwa sentimita 45. Mvua za Mei zilipopamba moto, tofauti ikawa wazi. Mche wa soya huchomoza kwa kuivuta mbegu yake juu ya ardhi, kwa hiyo kule tambarare, maji yalipotuama kisha udongo ukakauka na kufanya gamba, miche mingi ilivunjika shingo ingali chini. Iliyosalia ilipata manjano. Nilipoing'oa, vinundu vya mizizi vilikuwa vichache na ndani vina rangi ya kijivu, ilhali vya kwenye matuta vilikuwa vyekundu, dalili kwamba bakteria wanaoipatia soya naitrojeni ya hewani wamo kazini. Bakteria hao, sawa na mizizi yenyewe, huhitaji hewa, nayo haipatikani penye udongo uliojaa maji.

Kasoro ya watoa huduma hii ni mitaro ya katikati ya matuta. Dereva aliikomesha ukingoni mwa shamba bila kuifungulia njia ya maji, ikabidi tuimalizie kwa jembe. Kwa bei wanayotoza, kazi hiyo ingepaswa kuwa yao.

Shemeji yangu, ambaye shamba lake la Shanzu ni la mchanga, aliinuliwa matuta yale yale bila kuulizwa lolote kuhusu udongo wake. Mvua ilipokatika wakati wa maua, kipindi ambacho soya haivumilii kiu, matuta yalikauka kwanza na maua mengi yakapukutika. Naona ni wajibu wao kushika udongo mkononi kabla ya kupokea malipo.

Atakayewaita awaite mapema, kwa sababu mfinyanzi ukishalowa, magurudumu huushindilia na tuta hutoka mabonge matupu.